Jinsi ya Kumpatia Mtoto Mzio Asiokuwa Nao

Chagua mtoto mwenye afya. Mwenye mzio wa kweli hafai kwa kazi hii, kwa sababu huyo mara nyingi huonyesha dalili waziwazi, dakika chache baada ya kula, mbele ya mashahidi, na wazazi wake humbeba mbiombio hospitali bila kusoma chochote. Unayemtaka wewe ni yule anayekula vizuri na kupanda uzito kila mwezi kwenye kadi ya kliniki, kisha siku moja akatokwa na vipele shingoni. Wa kwangu alikuwa na miezi minane. Ulikuwa mwezi wa Februari, Dar es Salaam, umeme umekatika tangu adhuhuri, na mimi baba yake nilikuwa nimemvisha sweta kwa kuogopa nimonia.

Hatua ya kwanza ni kutomsikiliza mtu yeyote aliyewahi kulea. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto saba, aliitupia jicho shingo ile mara moja tu akasema, "Baba, mvue mtoto sweta, umwogeshe." Nikamwitikia kwa adabu zote, "Sawa, mama," nikatoka kwenda kukaa kwenye ngazi, pale mtandao unaposhika, kumtafutia mwanangu ugonjwa.

Ukitafuta utapata. Kufika saa sita usiku nilikuwa nimeshajua kwamba vipele ni mzio, kulia jioni ni mzio, kucheua ni mzio, choo cha kijani ni mzio, na choo kisicho cha kijani huenda ni mzio uliojificha. Wazee wetu walikuwa na neno moja la kubebea mizigo yote hiyo, mchango, na dawa yake ilikuwa majani ya kuchemsha. Sisi wasomi tumeutupa mchango, tukachukua aleji, tukaipa kazi ileile. Kilichobadilika ni bei.

Hatua ya pili: hakikisha hakuna binadamu atakayeweza kujua mtoto amekula nini. Manesi wa kliniki wana kanuni yao, nyepesi mno kwa mtu aliyesoma: miezi sita maziwa ya mama peke yake, halafu chakula kimoja kipya kwa wakati wake, kidogo, asubuhi, umwangalie siku mbili tatu, ndipo uongeze kingine. Achana nayo. Nenda sokoni, umwambie muuza nafaka akupimie mahindi, mchele, ulezi, uwele, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, na dagaa wa Mwanza kidogo kwa ajili ya akili. Peleka mashineni, saga vyote pamoja. Usiulize mashine ilikuwa ikisaga nini kabla yako.

Unga wetu wa lishe ulikuwa na vitu kumi na kimoja, na nilijivunia hesabu hiyo kama mtu anayejivunia ng'ombe. Baadaye nikaja kuona kwamba sheria ya Marekani inataja vyakula tisa ambavyo lazima viandikwe wazi kwenye pakiti kwa sababu ya mzio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, korosho na jamaa zake, ngano, soya, na ufuta, ambao uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021. Sisi vitano tulivikoroga kwenye kopo moja. Juu yake tukamimina maziwa, vikawa sita. Sasa mtoto akitoka kipele baada ya bakuli hilo, mshitakiwa ni nani? Utakuwa umefunga daladala zima kituoni kwa sababu abiria mmoja kaibiwa simu.

Ukishashindwa kumjua mkosaji, wafukuze wote. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, na ina utamu wake, kwa kuwa mzazi hujiona anafanya kitu. Nilianza na mayai. Wiki ileile mvua za kwanza za masika zikanyesha, hewa ikapoa, vipele vikanywea. Nikafungua daftari nikaandika kwa wino mwekundu: NI MAYAI. Jua liliporudi na vipele vikarudi, sikufuta. Niliongeza mstari chini yake: NA MAZIWA.

Karanga niliikata kwa ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka wafike miaka mitatu. Mwaka 2008 chama hichohicho kiliuondoa ushauri huo, kwa kukosa ushahidi kwamba unamkinga mtu yeyote. Lakini ushauri ukishaachiwa ni kama mbuzi aliyekata kamba, mwenye mbuzi anaweza kusema lolote, mbuzi yuko shambani kwa watu. Mimi nilikutana naye kwenye simu yangu, mzima, ananenepa.

Hapa niseme jambo la kweli kidogo, ingawa linaharibu mwongozo. Daktari Gideon Lack wa London na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, watu wa asili moja, wakakuta mzio wa karanga Uingereza ni kama mara kumi ya ule wa Israeli. Israeli watoto hutafuna Bamba, vitafunio vya karanga vinavyoyeyuka mdomoni, tangu wakiwa na meno mawili. Uingereza watoto walikuwa wakifichwa karanga. Wakafanya jaribio: watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na mmoja, wenye pumu ya ngozi iliyokuwa kali, au mzio wa mayai, au vyote viwili. Nusu walilishwa karanga kila wiki, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Majibu yalitoka mwaka 2015. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili ya mzio wa karanga mwanzoni, walionyimwa asilimia 13.7 walipata mzio wa karanga. Waliolishwa, asilimia 1.9. Kumbe kuwaficha kwenyewe ndiko kulikowaponza. Kule kusini ambako mtoto huanza kula kwa uji wa karanga zilizotwangwa laini, hakuna bibi aliyesubiri majibu ya jaribio.

Laini, narudia. Punje nzima ya karanga kwa mtoto mdogo ni hatari ya koo, si ya mzio. Na zile zilizoota ukungu tupa, maana sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi ya ghalani yakahusishwa nayo. Ajabu ni kwamba mimi niliyeogopa karanga safi sikuwahi hata mara moja kuchungulia gunia la mahindi.

Turudi kwenye upuuzi. Hatua ya nne ndiyo kilele cha mwongozo huu: usionane na daktari, nenda moja kwa moja ukanunue kipimo.

Maabara niliyokwenda sitaitaja. Ilikuwa na kiyoyozi, maji ya bure, na bango la mtoto wa kizungu anayecheka. Waliuza kipimo cha vyakula tisini kwa tone la damu, kwa fedha ambazo zingenunua mbuzi wawili wa Sikukuu. Hakuna aliyeniuliza mtoto ana nini. Waliniuliza nalipa kwa simu au taslimu. Baada ya siku kumi nikapewa karatasi nne za rangi, nzuri kama kalenda ya benki. Nyekundu: wali, ngano, maziwa ya ng'ombe, mahindi, ndizi, yai, nyanya, karanga. Njano: maharage, nazi, viazi. Kijani, yaani kula bila wasiwasi: lozi, brokoli, samaki wa salmoni, jibini ya kondoo, tini.

Nikaisoma karatasi ile kwa hofu mpaka mke wangu akaichukua, akaipitia taratibu, akauliza, "Hii si orodha ya jiko letu?"

Ilikuwa ndiyo. Kila kilichokuwa chekundu tulikuwa tumempa mtoto. Kila kilichokuwa kijani hajawahi kukiona. Na hapo ndipo kipimo kile kinapofanya kazi yake barabara, kwa sababu kilichopimwa ni kingamwili iitwayo IgG, na IgG ya chakula ni daftari la mlinzi getini: inaandika nani ameingia. Mlinzi akiandika jina lako hajakushitaki. Vyama vya madaktari wa mzio vya Marekani, Kanada na Ulaya vyote vimesema wazi kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta mzio wa chakula, kwani mtu mzima mwenye afya anayekula kila kitu atakuwa na daftari lililojaa. Kundi hilohilo la kukwepa ni lile la kupima nywele, na lile la kushika chupa ya chakula mkono mmoja huku mtu akiusukuma mwingine kuona kama umelegea. Mimi nililipa mbuzi wawili kuambiwa mwanangu anakula wali.

Usikate tamaa, karatasi ikishakuwepo lazima itiiwe. Maziwa ya ng'ombe yamekuwa mekundu, hivyo nikaagiza ya mbuzi kutoka Kibaha, nikijiona nimevuka mto. Mtoto mwenye mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe, mara tisa katika kumi atapata shida hiyohiyo kwa ya mbuzi, kwa sababu protini zake ni ndugu wa tumbo moja. Tena wala si maziwa ya mbuzi, wala ya ng'ombe, yanayofaa kuchukua nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja. Halafu kuna wanaochanganya mzio na tumbo la mtu mzima linalojaa gesi akinywa maziwa. Hilo ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, huja na umri, limeenea kwetu sisi tusiotoka kwa wafugaji, na kwa mtoto mchanga kuzaliwa nalo ni jambo la nadra sana. Mjomba kuharisha mtindi si ushahidi dhidi ya mtoto.

Wala tusidhani ujinga huu ni wetu peke yetu. Uingereza yenyewe, ambako daktari ni bure, maagizo ya maziwa maalumu ya watoto wenye mzio yalipanda kutoka kama 105,000 mwaka 2006 hadi zaidi ya 600,000 mwaka 2016, na gharama ikatoka pauni milioni 8.1 kuvuka milioni 60. Hakuna aliyeonyesha kwamba watoto wenye mzio huo waliongezeka namna hiyo. Mwandishi wa uchunguzi uliotoka kwenye jarida la madaktari la nchi hiyo mwaka 2018 aliwanyooshea kidole watengenezaji wa maziwa, na mkono wao katika kuwafundisha madaktari dalili za kuangalia. Dalili zenyewe: kulia, kucheua, vipele. Yaani mtoto.

Hatua ya tano niliifanya kwa kulazimishwa. Mke wangu alichoka, akaweka miadi kwa daktari bingwa. Hapa mwongozo una ushauri mmoja muhimu, nilioujaribu mwenyewe: usiku wa kuamkia kipimo, mpe mtoto sirapu ya aleji, ili asiwashwe wakimchoma.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Alikataa kushika karatasi zangu za rangi. Alianza na maswali, na yalichukua nusu saa. "Baba, siku ile alikula nini? Saa ngapi? Vipele vilitoka baada ya dakika ngapi? Shingoni tu, au na usoni, na tumboni? Vilihama au vilikaa palepale? Chakula hichohicho alishawahi kukila kabla? Na baada ya hapo?" Mimi niliyejua vyakula tisini kwa rangi zake sikuweza kujibu hata swali la pili. Mke wangu alijibu mengi. Mama mkwe, aliyekuja kumsindikiza mjukuu, alikuwa kimya mno.

Kisha wakamlaza kifudifudi mapajani mwa mama yake. Nesi akachora namba mgongoni kwa kalamu, akadondosha tone la maji ya kila chakula kando ya namba yake: maziwa, yai, karanga, ngano, samaki. Akaongeza matone mawili nisiyoyajua. Akapitisha kijisindano juu ya kila tone, mchomo mdogo kuliko wa chanjo. Mtoto akalia kwa kuudhika, si kwa kuumia, akanyamaza alipopewa funguo za gari achezee. Tukasubiri robo saa. Nesi akaja na rula ndogo ya milimita, akainama, akanyanyuka, akamwita daktari.

Mgongo ulikuwa laini kama bakuli. Hakuna hata tone moja lililovimba. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Ngoja kwanza," daktari akasema. Lile tone namba sita ni histamini. Lazima livimbe kwa kila binadamu. Likigoma, kipimo chote hakina maana. Namba saba ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuvimba. "Mmempa mtoto dawa gani?" Mke wangu akanitazama. Tulirudishwa nyumbani, turudi wiki ijayo, bila sirapu.

Kipimo hicho kina babu yake, na nampenda. Mwaka 1921 Ujerumani, daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki. Mwenzake Carl Prausnitz, asiye na tatizo lolote na samaki, alichukua majimaji ya damu ya Küstner akajidunga kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku iliyofuata akadunga maji ya samaki mahali palepale. Pakavimba. Kulikuwa na kitu ndani ya damu kinachobeba chuki ya samaki kutoka mtu hadi mtu, na ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata na kukipa jina, IgE. Hiyo ndiyo inayotafutwa na mchomo wa ngozi. Lakini hata yenyewe, mwenye kuielewa haiamini peke yake. Uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita tatu huhesabiwa ndiyo, na ndiyo hiyo maana yake mwili umekitambua chakula, haina maana kitamdhuru. Wapo watoto wengi wenye ndiyo mgongoni wanaokula chakula chenyewe kila siku. Ndiyo maana daktari wetu alitumia nusu saa kuuliza na robo saa kupima, na hakupima kitu ambacho hadithi haikukitaja.

Wiki iliyofuata histamini ilivimba vizuri. Yai nalo likavimba, milimita tatu kamili. Nikamgeukia mke wangu kwa ushindi, daftari la wino mwekundu likiwa mkobani.

"Ameshawahi kula yai?" daktari akauliza. Nikasema ndiyo, zamani, ila nilimkataza miezi miwili iliyopita, na hajaligusa tena.

Mama mkwe akakohoa. "Daktari, nisamehe," akasema. "Mimi mtoto huwa nashinda naye Jumamosi. Huwa nampa mkate wa kumimina. Na yai la kuchemsha, kiini na ute, nimeliponda."

"Kila Jumamosi?"

"Na Jumatano, baba yake akichelewa kazini."

Daktari aliweka kalamu chini akacheka mpaka miwani ikamaliza safari ya puani. Kipimo kikubwa kuliko vyote vya mzio wa chakula, alisema, ni mtu kula chakula chenyewe kidogo kidogo huku anaangaliwa. Bibi alikuwa amekifanya mara kumi na zaidi. Lakini hapo akabadilika sura, akanigeukia. Kwa mtoto ambaye tayari aliwahi kupata dalili za kweli, kipimo hicho hakifanywi jikoni kwa bibi wala kwa yeyote. Kinafanywa hospitali, adrenalini ikiwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Dalili zenyewe alinitajia nami naziandika bila mzaha. Mabaka yanayovimba mwili mzima kama ya kuumwa na siafu, midomo au kope kuvimba, kutapika mfululizo, sauti kukauka, kukohoa, kupumua kwa kukoroma, mtoto kulegea na kupauka ghafla, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Sirapu ya aleji hutuliza muwasho, haifungui koo. Kinachofungua ni adrenalini, sindano ya pajani, na inatolewa mapema, si baada ya kungoja kuona. Na kuna wanaotapika saa moja hadi nne baadaye mpaka wanakuwa weupe, au wanaotoa choo chenye damu: hao mchomo wa ngozi na wa damu unaweza kuwapita kabisa, kwa hiyo karatasi safi isikulaze usingizi kama macho yako yameona.

Usianze na maabara. Mbebe mtoto, panda chochote kinachokwenda, ukifika sema alichokula na saa aliyokula.

Sweta tumempelekea binamu yake, Lushoto.